Masinia ya Safu ya Tatu

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa mabati, kavu, ya haraka, kama kwamba kuna panya mkubwa anatafuna debe. Ikakoma. Maji yakamwagwa. Ikaanza tena.

Sajini Lewa alisimama nje akiisikiliza mpaka lango la kiwanda lilipofunguliwa.

"Ni wanawake hao, afande," alisema bawabu, aliyeona sikio la mgeni limeelekea wapi. "Wanasugua masinia kwa makumbi ya nazi. Sabuni imekwenda vitani."

"Wewe ndiye Musyoka?"

"Ndiye mimi."

"Uliyemshika Baya?"

Musyoka alivuta koti lake la zamani la jeshi likakaa sawa mabegani. "Kwa mikono hii miwili. Watu wa hapa Changamwe hupenda kusema bawabu hulala wima kama punda. Basi Jumatano punda hakulala."

"Nisimulie hiyo Jumatano."

"Saa kumi, king'ora kimelia, watu wanatoka. Baya akaja na kikapu chake, na kikapu kimeinamia upande mmoja. Nikamwambia, lete. Ndani nikakuta mkebe wa Bwana Pinto, ule wa chumvi ya manjano."

"Alikuwa akiingia au akitoka?"

"Akitoka, afande. Nani huingia saa kumi?"

"Alikimbia?"

"Hata. Alisimama tu kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Akaniambia ile ni dawa, anampelekea mkewe. Nikacheka mpaka nikakohoa."

Lewa aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Maneno hayo hukumwambia Inspekta."

"Inspekta hakuniuliza, afande. Aliniuliza kama mkebe ni ule. Nikasema ni ule."

Lewa aliandika: *akitoka*. Akalipigia mstari neno hilo, halafu akaingia ndani.

Kiwanda kile kilinunua molasi, ile asali nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa, kikaigeuza kuwa unga wa ndimu. Kabla ya vita unga huo ulikuja kwa meli kutoka Ulaya. Sasa, mwaka wa nne wa vita, meli zilikuwa zikienda chini ya bahari, na askari waliokuwa jangwani walihitaji vinywaji na dawa. Kwa hiyo kila kilichotoka Changamwe kilihesabiwa mali ya vita, na mtu aliyekiharibu hakushtakiwa kama mhuni wa kuvunja vyombo. Alikuwa adui. Kifungo chake kilikuwa miaka saba.

Jumanne masinia ishirini na manne yaliharibika, safu nzima ya tatu. Jumatano Baya, mpakuaji wa molasi, akashikwa na mkebe. Daktari wa polisi alisoma kibandiko cha mkebe akasema chumvi hiyo ni ya ukoo wa sumu. Inspekta alifunga jalada siku hiyo hiyo. Leo ilikuwa Alhamisi, na kesho saa tatu asubuhi Baya angesimama mbele ya hakimu. Lewa alitumwa kuokota maelezo mawili matatu ya kujazia jalada, si kulifungua. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekaa na Baya mahabusu kwa saa nzima, na kitu kimoja alichokisikia mle hakikumtoka.

Alikuwa amemwambia Baya amtajie wafanyakazi wa safu zote. "Safu ya kwanza ni Charo," Baya alisema bila kusita. "Ya pili Mwidani. Ya nne Ngumbao." Na ya tatu? Kijana yule aliinamisha kichwa akaitazama sakafu. "Ya tatu ni yule mama," alisema. Mama gani? Yule mama. Hakuongeza neno, hata Lewa alipompigia meza.

Bwana Pinto, mkemia, alikuwa Mgoa mfupi mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi kama wavu. Alimpeleka Lewa mpaka kwenye mlango wa chumba cha masinia. Juu ya mlango ilitundikwa picha ya mtakatifu mwenye fimbo. Mlangoni palikuwa na kioo kidogo.

"Tazama, lakini usifungue," alisema. "Na ukitaka kukohoa, nenda ukakohoe barabarani."

Lewa aliweka jicho. Ndani mlikuwa na joto lililofanya kioo kitoe jasho. Safu nne za masinia ya alumini zilipangwa kama vitanda vya bweni, na safu moja ilikuwa tupu. Katika zile nyingine molasi ilikuwa imefunikwa na kitu cheupe, kilichokunjamana kama malai ya maziwa.

"Huo ndio ukungu wenyewe?"

"Ndugu yake yule anayeota kwenye mkate wako, Sajini. Mimi namlisha molasi, yeye ananipa ndimu. Siku tisa. Hakuna mti wa ndimu duniani wenye mbio hizo." Pinto alisema hayo kwa fahari ya baba. Halafu uso ukamwiva. "Na yule mshenzi akanitilia sumu!"

"Safu ya tatu ilikufaje?"

"Haikufa. Laiti ingekufa! Ilinenepa. Jumanne asubuhi niliikuta imeumuka, nyeusi tii, imejaa mbegu kama masizi ya chungu. Nikaonja maji yake. Hakuna ukali. Siku tisa za kazi, na maji matamu kama ya kuwapa watoto!"

"Ilinenepa," Lewa alirudia polepole. "Niambie, Bwana Pinto. Hiyo chumvi ya manjano kazi yake ni nini?"

"Kukamata chuma. Molasi hutoka kiwanda cha sukari ikiwa na chuma, kutoka kwenye mitambo na mapipa. Natia chumvi kidogo, chuma kinashikwa, kinageuka tope la buluu, nalichuja. Ukungu lazima uwe na njaa kidogo ya chuma, Sajini. Ukishiba chuma unanenepa, unazaa mbegu, na kazi unaisahau."

"Na ukiutilia chumvi hiyo kupita kiasi?"

"Hapo ndipo unaharibika. Hauoti. Unabaki mwembamba kama utando wa..." Pinto alikoma.

"Kama utando wa buibui," Lewa alimmalizia. "Basi wa safu ya tatu ulikonda au ulinenepa?"

Mkemia alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Mara ya mwisho kuutumia mkebe wewe mwenyewe ni lini?" Lewa aliuliza.

"Jumanne alasiri. Nilikuwa na pipa jipya la molasi."

"Kwa hiyo Jumanne asubuhi, safu ilipokuwa imekwisha kuharibika, mkebe ulikuwa bado rafuni kwako."

"Angeweza kuchota kiganja kimoja mapema!"

"Angeweza. Ndiyo maana nataka kujua masinia yalikuwa na nini. Yale maji uliyamwaga yote?"

Pinto alimtazama kama mtu aliyetukaniwa shule yake. "Sajini, mimi ni mkemia. Kila safu nimeiwekea chupa."

Chupa zilikuwa mezani kwake, zimeandikwa namba. Lewa aliomba chumvi ya manjano iyeyushwe katika maji, na Pinto akafanya hivyo, mikono yake mifupi ikienda kwa wepesi wa mshona kanzu. Wakachukua kwanza chupa ya safu ya pili, wakamimina kidogo katika bilauri, wakaongeza maji na asidi mpaka ikawa rangi ya chai hafifu. Tone moja la chumvi. Wakangoja. Chai ikabaki chai.

"Sasa ya tatu."

Tone lilianguka. Halikuzama. Lilitanda juu kama wino, likashuka kwa nyuzi nyuzi, na bilauri nzima ikachafuka. Pinto aliimimina kwenye karatasi ya kuchujia. Maji yalipopita, juu ya karatasi likabaki tope la buluu, buluu kama ile ya kufulia nguo nyeupe.

Wote wawili wakaliinamia.

"Chuma," Pinto alisema kwa sauti ndogo.

"Kabla hatujatia tone letu, maji yale yalikuwa na buluu yoyote?"

"La."

"Kama mtu angekuwa ametangulia kutia chumvi yako mle..."

"Ingekamata chuma hicho zamani. Buluu ingekuwamo." Pinto aliketi juu ya kiti chake kirefu. "Santa Maria. Chumvi haikuwamo kabisa." Halafu akaruka tena. "Lakini molasi ya safu zote ilitoka pipa moja! Nilichuja mimi! Chuma kimeingia kutoka wapi?"

"Kimeingia mle mle chumbani, katika safu moja."

"Basi bado ni Baya. Kama si chumvi, katia kutu, katia chochote. Yule anamchukia Nyevu. Mwulize mtu yeyote. Wana uadui usio na mfano."

"Nyevu ndiye mama wa safu ya tatu?"

"Ndiye. Mfanyakazi wangu bora kuliko wote. Analinda masinia yake kama mkunga. Na huyo Baya, kila akimwona anakuja, hugeuka akajificha nyuma ya mapipa! Akikutana naye ujiani huacha njia, akaingia majanini. Hajapata kumsalimia kwa kumtazama. Naye Nyevu ni vivyo hivyo, hujifunika uso kwa leso. Mwaka mzima nawaona. Nimemweleza Inspekta, naye kaandika. Si chuki hiyo?"

Lewa alilifunga daftari lake taratibu.

"Umeoa, Bwana Pinto?"

"Mke wangu yuko Goa. Kwa nini?"

"Na mama mkwe?"

"Yuko naye. Huniandikia kila mwezi kunifundisha kazi."

"Kwetu sisi," Lewa alisema, "mama mkwe hafundishi, na mkwe wake hafundishiki, kwa sababu hawatazamani. Mimi nina miaka kumi na moja ya ndoa. Mama mkwe wangu nikimwona barabara ya Kisauni, nashuka kwenye baiskeli nikasimama nyuma ya mti mpaka apite. Jina lake silitaji. Hata hapa mbele yako silitaji. Si chuki hiyo, bwana. Sijui mtu ninayemheshimu kuliko yeye."

Pinto alibaki mdomo wazi. "Unataka kusema Nyevu ni..."

"Nataka kusema Inspekta kaandika heshima akaiita chuki, na kesho mtu anaweza kwenda jela kwa kosa la adabu njema. Hayo mengine bado siyajui. Nionyeshe yanaposuguliwa masinia."

Uani, masinia yaliyooshwa, pamoja na yale ya akiba ya safu nyingine, yalikuwa yameegemezwa ukutani kukauka. Wanawake walikuwa wamekwenda kula. Lewa aliyatazama moja moja kwa kuyainamisha juani. Ya safu ya kwanza yalikuwa safi. Ya pili safi. Ya safu ya tatu nayo yalikuwa yamesuguliwa, tena kuliko yote, lakini katika kila moja, pembeni, palikuwa na alama nyeusi, nyembamba, yenye urefu wa kidole. Alihesabu alama ishirini na nne. Zote katika pembe ile ile.

Kitu kinachoanguka chenyewe hakichagui pembe. Na adui anayetaka kuharibu hutupa popote na kukimbia. Aliyefanya hivi alikuwa na subira na taratibu. Alikuwa na nafasi ya kupita sinia baada ya sinia bila mtu kumshangaa.

Alipiga magoti kwenye mfereji wa maji machafu. Pale ulipopinda palikuwa na tope jeusi, masalia ya ukungu, na nyuzi za makumbi. Akakunja mkono wa shati, akapapasa. Mara ya tatu kidole chake kikachomwa. Alichokitoa kilikuwa msumari, au kilichobaki cha msumari: kichwa kipo, lakini mwili umelika ukawa mwembamba kama mwiba wa samaki. Kwenye rundo la makreti matupu kando ya ukuta aliona vifuniko vyenye matundu ya misumari iliyong'olewa kwa uangalifu, bila ubao kupasuka hata mmoja.

"Unatafuta nini kwenye uchafu, mwanangu?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, leso kichwani, na mkufu mwembamba wa msalaba shingoni. Mikono yake ilikuwa imeparara kwa maji. Alisimama na sahani tupu ya chakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe ndiye Mama Nyevu?"

"Abee."

Lewa alifumbua kiganja. Nyevu aliutazama ule msumari. Sahani haikumwanguka wala hakupiga kelele. Aliketi tu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyefika mwisho wa mlima.

"Ulipozaliwa, Sajini," alisema, "mamako alikuwekea nini upande wa kichwani?"

"Kisu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nilipojua kuketi. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Kwa nini?"

"Ili lolote lipitalo lisinichukue. Chuma kinaogopwa."

"Basi wajua." Alipitisha kiganja juu ya goti. "Mwezi jana safu ya kwanza iliota kijani, ikatupwa. Halafu ya nne. Bwana Pinto alisema ni hewa chafu, wenzangu wakasema ni jicho la mtu. Mimi nikayatazama masinia yangu. Mle ndani hakuna maneno, hakuna mlango kupigwa, joto sawasawa usiku na mchana, mpaka kitu kikue. Si kama chumba cha mzazi? Nikaona yamelala pale kama vichanga, hayana mlinzi. Bwana Pinto ametundika mtakatifu wake mlangoni, na hakuna aliyemcheka. Nikatia msumari mmoja mmoja, upande wa kichwani."

"Hukumwambia mtu?"

"Mimi ni mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu. Nimwambie nani?"

"Na Jumanne?"

"Jumanne nikaambiwa toa, kaoshe. Nikaokota misumari, nikidhani nimeiokota yote. Sikujua kama ndiyo iliyoharibu, Mungu shahidi. Nilidhani imeshindwa tu." Akainua macho. "Ndiyo iliyoharibu?"

"Ndiyo, mama. Asidi iliila, nao ukungu ukashiba chuma."

Nyevu alifunika mdomo kwa leso. Lewa alimwacha. Halafu akauliza kwa upole:

"Mume wa binti yako alikuona ukiiokota?"

Aliitikia kwa kichwa. "Alikuwa nyuma ya mapipa."

"Naye husikia kila siku Bwana Pinto akilia na chuma, na kusifu chumvi yake. Akajua. Lakini kukwambia wewe umekosa hawezi. Hata kwa kumtuma mkewe hawezi. Aliloweza ni kukupelekea dawa, amtume mkewe, binti yako Florence, aje kukupa, utie chembe kila sinia safari ijayo, na msumari wako ukae pale pale bila kudhuru. Usijue kamwe kwamba ulikosa. Ndiyo maana mkebe ulikuwa unatoka nje ya lango. Anayetaka kuua masinia haendi nayo sumu nyumbani."

"Na mahabusu amesema nini?"

"Hajasema lolote. Nimempigia meza, hajasema. Yuko tayari kukaa miaka saba kuliko kulitaja jina lako."

Machozi yalimtoka yule mama bila sauti. Aliyapangusa kwa nyuma ya mkono, kwa hasira, kama anayefukuza nzi.

"Nichukue mimi. Nifunge mimi."

"Hutafungwa. Sheria inamtafuta mwenye nia mbaya, nawe huna. Bwana Pinto ataieleza buluu yake mahakamani, na hiyo ataieleza mpaka hakimu alale. Lakini buluu haisemi ni nani aliyetia msumari. Hilo lazima uliseme wewe, kesho saa tatu, mbele ya watu, na wa kanisani kwenu watakuwapo."

"Watakuwapo," alisema Nyevu. "Na wacheke. Nitasema."

"Kuna jingine, mama." Lewa alichuchumaa ili asimwambie akiwa amesimama juu yake. Neno hili lilikuwa zito kinywani kwake. "Hakimu ni mtu wa mbali. Jalada alilopewa linasema wewe na Baya ni maadui, na ushahidi wake ni nyuso zenu zinazogeuka. Kesho mtakuwa katika chumba kimoja, yeye kizimbani, wewe hatua nne mbele yake. Ukisema maneno yako umejifunika leso, umegeukia ukuta, hakimu ataona kile kile alichokiona Bwana Pinto. Atasema mama huyu amelazimishwa. Nami nitaeleza mila mpaka nikauke koo, na atanijibu kwamba mimi ni polisi, si shahidi."

Nje ya ukuta, gari la moshi la bandarini lilipita likivuta mabehewa yake, na Nyevu alingoja mpaka likaisha.

"Miaka sita amemuoa mwanangu," alisema. "Sijaujua uso wake. Najua visigino tu."

"Sikulazimishi, mama. Siwezi. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza."

Alisimama. Aliishusha leso kutoka kichwani mpaka mabegani, akaifunga kwa fundo kifuani kama mtu anayekwenda kazini, na uso wake wote ukawa juani.

"Andika, Sajini, nisije nikageuka njiani. Kesho nitasimama pale. Nitamtazama machoni mbele ya hakimu na mbele ya kanisa zima, na nitamwita kwa jina lake." Alivuta pumzi. Midomo yake ilijaribu mara moja, ikashindwa, ikajaribu tena. "Baya. Nakuahidi. Nitasema: Baya, mwanangu, rudi nyumbani."